Anasoma herufi zote, lakini nusu ya sahani haioni

Maswali ya wasomaji kuhusu macho, yakijibiwa na muuguzi wa macho wa Kigoma

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Gungu hapa Kigoma. Mume wangu ana miaka 38, ni dereva wa bodaboda. Miezi miwili iliyopita aligongwa na gari akitokea Ujiji, akaangukia kisogo, na helmeti alikuwa ameining'iniza kwenye usukani. Alikaa siku nne bila fahamu. Picha ya kichwa ilionyesha damu imevujia kwenye ubongo, nyuma upande wa kulia. Namshukuru Mungu, sasa anatembea na kuongea vizuri. Ila kuna mambo siyaelewi. Anakula upande mmoja wa sahani, kisha ananiambia chakula kimeisha. Nikiigeuza sahani anaendelea kula kana kwamba nimempakulia upya. Bega lake la kushoto limejaa michubuko kwa kugonga mwimo wa mlango. Mama yake alikuja kumwona, akakaa kushoto kwake, hakumwamkia wala kumgeukia, hadi mama akaondoka analia. Tulimpeleka kupima macho. Alisoma herufi zote mpaka mstari wa chini, tukaambiwa macho mazima. Sasa mashemeji wanasema ameota jeuri, na kwamba anajifanya mgonjwa ili asirudi kazini. Mwenyewe anasema haumwi macho. Nimsadiki nani?
Mke wa dereva, Gungu

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na mama mkwe wako, maana naona hilo ndilo linalokuchoma zaidi. Mwambie kwa heshima zote kwamba mwanawe hakumdharau. Hakujua kama yupo. Siku akija tena, mkaribishe akae kulia kwa mgonjwa, na wewe umtajie mgonjwa kwamba mama amefika. Nina matumaini makubwa kwamba ataamkiwa shikamoo yake kama zamani.

Sasa hayo macho mazima. Aliyempima hakusema uongo, ila alipima kitu kimoja. Ule ubao wa herufi ulitungwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, na kazi yake ni kupima ukali wa kuona pale katikati tu. Nyoosha mkono wako mbele, utazame ukucha wa dole gumba. Upana wa dole gumba hilo ndio eneo unalosomea herufi ndogo. Kila kilichobaki, yaani mlango, watu waliokaa pembeni, baiskeli inayokuja, ubao haukiulizi. Mtu anaweza kusoma mstari wa 6/6, yaani ule wa mwenye macho makali ya kawaida, bila kukosea, na huku nusu nzima ya chumba kwake haipo.

Umesema aliangukia kisogo. Jicho linapokea mwanga, lakini picha yenyewe inasomwa nyuma kabisa ya ubongo, huko kisogoni. Tena njia zinapishana: nyuzi zinazotoka kwenye macho yote mawili hugawana, zile zinazobeba picha ya upande wa kushoto zikaenda ubongo wa kulia, na zile za upande wa kulia zikaenda ubongo wa kushoto. Mjapani mmoja, daktari Tatsuji Inouye, aliwapima askari waliopigwa risasi za kichwa katika vita ya Japani na Urusi ya 1904 hadi 1905. Alifuatilia risasi ilipoingilia na ilipotokea, akalinganisha na sehemu ambayo askari hakuiona, na mwaka 1909 akachapisha ramani ya mambo hayo. Wale askari macho yao yalikuwa hayajaguswa. Kwa hiyo usikubali mtu akikuambia kwamba jicho la kushoto la mumeo limekufa. Si jicho la kushoto. Ni upande wa kushoto wa macho yote mawili, na ndiyo sababu hata akifumba jicho moja shida inabaki palepale.

Lakini kuna jambo la pili, na hapa nakuomba usome taratibu. Yapo matatizo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni kupoteza nusu ya uwanja wa kuona: upande wa kushoto umefungwa, lakini mtu akishaelewa hivyo huanza kugeuza kichwa na kuutafuta. La pili ni ubongo kuusahau upande wa kushoto. Huyu hata ukimpa macho mapya hatageuka, kwa sababu kwake hakuna kitu cha kugeukia. Hunyoa ndevu za shavu moja. Huvaa mkono mmoja wa shati, mwingine ukaning'inia. Tatizo hili la pili hutokea zaidi pale upande wa kulia wa ubongo unapoumia, na watu wengine hupata yote mawili kwa pamoja. Mumeo anaposema haumwi macho, anakwambia kweli yake. Ubongo haumwonyeshi pengo, kama vile wewe huoni pengo nyuma ya kichwa chako.

Sahani yako imeshafanya nusu ya kipimo. Ongeza hiki. Chukua ungo, utawanye maharage 20, kumi kushoto na kumi kulia, yakiwa yameenea sawasawa. Uweke ungo mbele ya kifua chake, katikati kabisa, asubuhi akiwa amepumzika na watoto wamekwenda shule. Mwambie aokote yote, akimaliza aseme. Usimsaidie, usimwonyeshe kwa macho, usimharakishe. Tazama anaanzia wapi. Mtu mwenye ubongo mzima, aliyezoea kusoma, mara nyingi huanzia juu kushoto. Wa namna hii huanzia kulia, akaokota, akarudi palepale alipokwisha kuokota, kisha akasema "tayari" huku punje sita au saba za kushoto zimebaki zinamtazama. Hesabu zilizobaki, uandike na tarehe. Rudia baada ya wiki mbili. Karatasi hiyo nenda nayo kliniki.

Nitakuambia kwa nini naisisitiza karatasi. Mwaka wangu wa nne kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nililetewa fundi seremala aliyeanguka kutoka juu ya paa. Nilimsimamisha mbele ya ubao, akasoma yote, na kwa mkono wangu nikaandika kwenye kadi yake kwamba macho yako sawa. Hazikupita wiki tatu akarudi amevunjika mguu. Baiskeli ilitokea kushoto kwake. Mkewe akaniambia, "Alikuwa anavaa shati mkono mmoja, nikadhani mnajua." Mimi sikuwa nimemuuliza. Tangu siku ile sijampima mgonjwa aliyeumia kichwa bila kwanza kumkalisha mtu wa nyumbani kwake na kumwuliza anakulaje, anavaaje, anagonga nini, anapotea wapi.

Kipimo kamili kina utaratibu, na una haki ya kuuomba. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayemzoeza mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku) wa Marekani, Mary Warren, aliuandika vizuri mwaka 1993, kwamba tuanzie chini kwenda juu: ukali wa kuona, mwendo wa macho na uwanja wa kuona kwanza, halafu umakini na namna mtu anavyotafuta vitu kwa macho, ndipo kumbukumbu na utambuzi. Ukiruka ngazi ya chini, ya juu itakudanganya. Nimewahi kuona mgonjwa anaitwa mpungufu wa akili kumbe miwani yake ilivunjikia kwenye ajali na hakuna aliyekumbuka kumpa nyingine. Kama mumeo alikuwa na miwani, aende nayo.

Kupima uwanja wa kuona hakuhitaji mashine ya kuanzia. Mimi hukaa na mgonjwa tukitazamana, kama mita moja kati yetu. Anafunika jicho moja kwa kiganja, nami nafunika langu linaloelekeana na lake. Anatazama pua yangu, asiiache. Nanyoosha vidole pembeni, kimoja, viwili au vitano, juu na chini, kushoto na kulia, anitajie ni vingapi. Halafu afungue macho yote, nionyeshe pande zote mbili kwa mara moja. Hapo ndipo siri hutoka: yupo anayeviona vidole vya kushoto vikiwa peke yake, lakini vikija pamoja na vya kulia anataja vya kulia tu. Huyo uwanja wake upo, umakini ndio ulioegemea upande mmoja. Baada ya hapo namchorea mstari wa sentimita 20 auweke alama katikati, namwambia achore saa, kisha namtoa nje. Chumba cha kliniki ni kimya, kuta nyeupe, hakuna mtu anayepita. Namtuma anunue nyanya soko la Mwanga, nami namfuata nyuma hatua tatu. Mengi niliyojifunza kuhusu wagonjwa wangu nimeyaona sokoni pale.

Na kusoma. Hili naliona Kiswahili chetu kinalifanya gumu kwa namna yake, kwa sababu ukanushi wetu unakaa mwanzoni mwa neno, yaani kushoto. Mgonjwa mmoja alipelekewa ujumbe wa simu, "Hatakuja leo." Yeye akasoma "atakuja leo". Herufi moja tu imedondoka. Akaenda stesheni ya reli kumpokea ndugu yake, akakaa mpaka usiku. Nyumbani wakasema amechanganyikiwa. Mpe mumeo gazeti asome kwa sauti, wewe ukifuatilia kwa kidole kwenye nakala nyingine. Akisoma "kijiji" palipoandikwa "mwanakijiji", andika. Na maelekezo ya dawa msomee wewe, asijisomee.

Nenda naye kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, Maweni, ukiwa na kadi ya kuruhusiwa wodini, picha ya kichwa na karatasi yako. Sema maneno haya: "Naomba apimwe uwanja wa kuona na umakini wa upande wa kushoto." Uulizie pia mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wakiona haja ya kuchora uwanja wake kwa mashine, wanaweza kumpa rufaa kwenda hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi au Muhimbili.

Miezi miwili bado ni mapema. Uwanja wa kuona ukirudi, kwa kawaida sehemu kubwa hurudi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na baada ya miezi sita mabadiliko huwa madogo. Lakini hata usiporudi, mtu hufundishika. Kabla ya tonge la kwanza, ashike ukingo wa kushoto wa sahani kwa mkono wa kushoto. Funga kitambaa chekundu kwenye mwimo wa kushoto wa mlango, na umzoeze kukitafuta kwa kugeuza kichwa, siyo macho peke yake, kabla ya kupita. Akisoma, piga mstari mwekundu pembeni kushoto mwa ukurasa. Asianze mstari mpya mpaka auone huo mwekundu. Watoto wakimwita, wamwite kutokea kushoto, na wasubiri mpaka ageuke. Ila jiko la mkaa na maji ya moto yasiwe upande huo.

Pikipiki asiipande. Najua ndiyo inayolisha nyumba. Mpeni kijana mwaminifu aiendeshe alete hesabu jioni, na yeye apimwe tena na daktari kabla hata ya kuzungumzia usukani. Anayekatiza barabara kutoka kushoto anaweza kuwa mtoto.

Na akianza kuumwa kichwa kinachozidi, kutapika, kusinzia ovyo, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Damu inaweza kujikusanya kichwani polepole hata wiki kadhaa baada ya ajali.

SWALI: Mama, mimi ni mvuvi wa dagaa, Katonga, miaka 45. Niliteleza nikapiga kichwa kwenye ubavu wa boti, nikazimia kidogo. Tangu hapo, usiku nikitazama taa za wenzangu ziwani, kila taa naiona mbili, moja juu ya nyingine, tena imelala upande. Kushuka njia ya kwenda mwaloni nakanyaga hewa. Wenzangu wanasema siku hizi natembea shingo upande. Nifanye nini?

JIBU: Pole, kaka. Fanya hivi usiku wa leo. Tazama taa moja ya mbali, ufunike jicho moja kwa kiganja, kisha ufunike la pili. Kama kwa kila jicho peke yake taa inakuwa moja, basi macho yako kila moja linaona sawa, ila hayatazami mahali pamoja. Kama jicho moja peke yake bado linaona taa mbili, shida iko ndani ya jicho lenyewe, na hiyo ni habari nyingine.

Kwa maelezo yako nadhani itakuwa ile ya kwanza. Neva tatu za ubongo ndizo zinazosogeza jicho, ya tatu, ya nne na ya sita. Ile ya nne ni nyembamba na njia yake kichwani ni ndefu, kwa hiyo huumia kirahisi mtu akipigwa kichwa. Ikilegea, picha moja inapanda juu ya nyingine na kulala upande, na shida huzidi ukitazama chini, ndiyo maana unakanyaga hewa kwenye mteremko. Shingo nayo inajipinda yenyewe kuziunganisha hizo picha. Nenda kliniki na picha zako za zamani, hata ya kitambulisho au ya harusi. Tukikuta ulikuwa unapinda shingo hata kabla ya ajali, hesabu inabadilika.

Wengi hupata nafuu kwa miezi, bila kisu. Wakati unangoja, funika kioo kimoja cha miwani, hata ya kawaida isiyo na namba, kwa plasta ya karatasi. Kwa mtu mzima haiharibu jicho. Kuna pia vioo vya prizimu vinavyosogeza picha, na upasuaji wa misuli ya jicho hufikiriwa baadaye, vipimo vikishatulia bila kubadilika kwa miezi kama sita. Ila ukifunika jicho moja, kukadiria umbali kunapungua. Usiruke kutoka boti hadi boti. Kazi ya usiku waachie vijana kwa sasa, wewe ubaki mwaloni kupokea na kuanika.

Kope likianguka, au mboni moja ikapanuka, usingoje kliniki ya Jumatatu. Siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Kasulu. Niligonga kichwa kwenye boriti ya darasa mwezi uliopita. Sikuzimia. Sasa nikisahihisha madaftari dakika kumi herufi zinaogelea, kichwa kinauma, mwanga wa dirisha unanikera. Nimenunua miwani ya kusomea sokoni, haijasaidia. Navaa na miwani myeusi hadi ndani ya nyumba.

JIBU: Mwalimu, chukua kalamu yako nyekundu, uishike mbele ya uso, utazame ncha, uisogeze polepole kuelekea puani. Macho ya kawaida huifuata kalamu hiyo karibu kabisa, ndani ya sentimita kumi hivi, kabla haijaonekana mbili. Kama kwako inaonekana mbili ikiwa bado mbali, umbali wa shubiri nzima, macho yameshindwa kukutana kwa karibu. Hilo ni la kawaida baada ya ubongo kutikiswa, hata kwa mtu ambaye hakuzimia, na miwani ya sokoni hailitibu kwa sababu haikupimwa kwa ajili yako.

Miwani myeusi ndani ya nyumba iache pole kwa pole. Macho yakizoea giza, mwanga huwa mkali zaidi. Vaa kofia yenye ukingo ukitoka nje, na darasani kaa dirisha likiwa nyuma yako. Sahihisha dakika tano, tazama mlima wa mbali dakika mbili, urudi. Mazoezi ya macho usiyaanze kwa kuambiwa na jirani. Yapo yanayosaidia, lakini apimaye ndiye apange, kwa sababu yakifanywa kwa mtu mwenye tatizo jingine humchosha bure. Na mwombe mwalimu mkuu akupunguzie madaftari kwa mwezi huu. Ukitaka, mwonyeshe ukurasa huu.